Shilingi za Malkia Ambazo Hazikuwahi Kuwapo

Nianze na mchele, maana najua ndilo swali mtakaloniuliza kwanza. Hapana, sarafu ya zamani haivuti mchele, hata matapeli waape kwamba hiyo ndiyo dalili ya sarafu ya mamilioni. Haivuti sindano, haizimi simu, wala haimgeuzi jogoo shingo. Tangu nimalize chuo kikuu nikakosa ajira, nimetafuta na kuuza sarafu za wakati wa Mwingereza, na sijawahi kuona punje ya mchele ikinyanyuka sahanini kuifuata sarafu, isipokuwa pale mchele ulipokuwa umepakwa unga wa chuma na mwenye sarafu. Tembeeni na sumaku mfukoni. Shilingi na senti za Afrika Mashariki za miaka ya hamsini zilikuwa za shaba, au shaba iliyochanganywa na nikeli, na sumaku haizigusi. Ikishika, mmeletewa kitu cha juzi. Kwa hiyo wale mnaozunguka kutafuta sarafu "inayovuta" mnatafuta feki, tena kwa bidii na nauli zenu.

Nawaita wadogo zangu ingawa sina mvi hata moja. Nimestaafu kabla magoti hayajaanza kuuma, jambo ambalo wenzangu wa Tandika, nilikokuwa na meza, wanaliona kichekesho. Lakini siku hizi sarafu zinauzwa kwa picha za simu. Mteja haishiki, haisikii ikilia, haoni jinsi muuzaji anavyoangalia pembeni. Kazi hiyo siijui, na sitaki kujifanya naijua. Ile ninayoijua ndiyo ninayowaachia.

Aliyeniingiza humo ni Mzee Likwena, Mmakonde wa Newala aliyekuwa mchonga vinyago mpaka vumbi la mpingo likamchosha kifua. Alikuwa mwongo hodari. Siku ya kwanza aliniambia tundu la katikati ya senti kumi liliwekwa ili watu wakitunga sarafu kwenye kamba wasimtoboe mfalme kichwa. Nikamuuliza amejuaje. Akasema aliambiwa na Mzungu mmoja. Yuko wapi? Alishakufa. Mashahidi wote wa Mzee Likwena walikuwa marehemu. Nusu ya aliyonifundisha ilikuwa kweli, na shule yangu ikawa kutafuta ni nusu ipi.

Nusu ya kweli ndiyo hii. Shika sarafu kwa ukingo, usiikandamize uso kwa kidole, maana jasho linaitafuna. Iangushe juu ya kigae kutoka urefu wa kiganja. Ya kweli hulia, kisha hukawia kunyamaza. Iliyoyeyushwa mtaani na kumiminwa kwenye udongo hugonga kama kizibo cha soda na kunyamaza hapo hapo. Halafu itazame ukingoni, pale ambapo mwigaji huwa amechoka. Uso hupata muda wake wote, ukingo humalizwa haraka akiwa na njaa.

Nusu nyingine niliipata kwa kuuliza. Wengi walinichukia kwa hilo. Mtu anakuletea sarafu na hadithi ya babu yake aliyekula meza moja na gavana, nawe unamuuliza, "Nani alikuambia? Na huyo alikuwepo?" Anaikusanya sarafu yake na kuondoka. Mwacheni aondoke. Ila msijidanganye kwamba kuuliza kunamaanisha kubisha. Hilo nililijua vizuri zaidi siku za Athumani, na hapo nitakaa kidogo.

Athumani ni fundi wa madirisha ya aluminiamu kutoka Gongo la Mboto. Alikuja mezani kwangu mchana wa jua kali, chenga za aluminiamu zinamng'aa mikononi, akauliza kama nina shilingi za malkia zenye simba. Nikamwambia hazipo. Akadhani nimeishiwa, akauliza mzigo mwingine unaingia lini.

"Hazipo duniani, kaka," nikamwambia. "Hazijawahi kutengenezwa."

Nikampa somo ambalo ninyi pia mnapaswa kulishika. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba na milima nyuma yake, ilikuwa na kichwa cha mfalme. Malkia alipokalia kiti, hapa kwetu sura yake iliwekwa kwenye thumni tu, yaani nusu shilingi. Thumni nayo ina simba yule yule, ila ni ndogo. Anayekuuzia shilingi ya Afrika Mashariki yenye malkia anakuuzia ndoto.

Nilitarajia anishukuru. Athumani aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa.

Mchumba wake alikuwa Zuwena, mwalimu wa chekechea kule Goba. Baba yake Zuwena, Mzee Seif, ana malori yanayobeba saruji kutoka kiwanda cha Wazo, nyumba yenye geti linalofunguka lenyewe, na hakuona kwa nini binti yake aende kuishi Gongo la Mboto na fundi wa madirisha. Hakusema hapana. Watu wa pwani wenye adabu hawasemi hapana. Alikuwa akijiandaa kutaja mahari ambayo Athumani angeipata akizeeka. Zuwena akamtangulia. Mahari ni haki ya mwanamke, akasema mbele ya wajomba zake, na yeye anataka shilingi kumi za malkia zenye simba, kama alizoolewa nazo bibi yake mzaa baba.

Hadithi ya mahari ya bibi ilijulikana kwa ukoo mzima. Ilisimuliwa kila palipokuwa na arusi. Mzee Seif hakuweza kuikataa. Akakubali huku akicheka, ila akaweka sharti: mahari iletwe vile vile ilivyotajwa, siku ya ndoa, mbele ya sheikh. Ikija vinginevyo, ndoa isimame, na mahari mpya ataitaja yeye. Siku ya ndoa ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Yaani kama hazipo, dada, sioi," akasema Athumani. "Shangazi yangu anasema walijua hazipo. Anasema wametucheza shere."

Mzee Likwena, ambaye meza yake ilipakana na yangu na masikio yake hayakuwa na mpaka, akasogeza stuli. Akafungua kikopo cha dawa na kumimina sarafu nne kwenye kiganja cha Athumani. Upande mmoja malkia, upande mwingine simba, ukubwa wa shilingi.

"Na hizi ni nini?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyekosea.

"Feki, mzee."

"Si feki. Ni vitukuu. Ile ya kweli ilizaa, nayo ikazaa, hizi ni vitukuu. Nikimwambia fundi wangu, Alhamisi zinakuwa kumi." Akamgeukia Athumani. "Mwanangu, bibi wa umri huo haoni, baba hajui, sheikh ana haraka. Hapo nani wa kukuzuia?"

Mzee Likwena angekupa sarafu yenye mamba anayevuta sigara kama ungeiagiza mapema. Sikumkasirikia, nilimwona Athumani anavyozitazama zile sarafu nne, na ningekuwa yeye ningezitazama hivyo hivyo.

"Kweli bibi haoni vizuri," akasema polepole. "Ana mtoto wa jicho."

"Na Zuwena?" nikamuuliza.

Akazihesabu zile sarafu kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Zuwena anaona." Akamrudishia mzee sarafu zake kwa mikono miwili.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Nilikuwa na uhakika kwamba shilingi ya malkia haikuwahi kuwapo, na nilikuwa sahihi. Lakini bibi naye aliolewa na kitu. Mtu hasahau alichoolewa nacho. Wakati kitabu cha sarafu na bibi hawakubaliani, wengi huchagua mmoja na kumdharau mwingine. Mimi nikauliza tu: je, kuna mtu aliyewahi kumwonyesha bibi sarafu na kumwambia achague? Athumani hakujua. Nikamwambia ampigie Zuwena, nakwenda Goba kesho.

"Utamhoji bibi wa watu kama askari?" Mzee Likwena akasema. "Nyie wasomi mtaulizwa kaburini, na huko pia mtauliza nyie."

Zuwena alinipokea getini. Mrefu, anaongea kama aliyezoea kutuliza watoto thelathini kwa jicho moja. Bibi Mwajuma alikuwa kwenye baraza ya nyuma, amekaa mkekani anachambua choroko kwa vidole, anatoa mawe kwa kuyapapasa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza mimi ni wa nani. Nikamwambia mimi ni wa Temeke, nauza sarafu za zamani. Akasema, "Mjini watu huuza kila kitu."

Nilitandika kitambaa mapajani pake nikamwaga mchanganyiko: shilingi za mfalme, thumni za mfalme, thumni za malkia, senti za tundu. Sikumwambia kitu. Mtu ukimwambia unachotafuta, atakipata hata kama hakipo. Nikamwomba tu anitolee zinazofanana na zile alizoolewa nazo.

Senti za tundu alizisukuma bila kuzishika sawasawa. Shilingi ya mfalme aliibana kidogo kisha akaiweka pembeni, akasema hii kubwa mno. Akafika kwenye thumni. Akaigeuza, akapitisha ukucha juu ya uso, akaisogeza karibu na jicho lenye nafuu. Akaifumbata.

"Hii. Na malkia wake huyu hapa, shingo ndefu."

"Bibi, hiyo ni thumni," Zuwena akasema.

"Najua ni thumni. Unadhani mie sijui thumni?"

"Lakini siku zote unasema shilingi kumi."

"Na ni shilingi kumi. Thumni mbili ni shilingi ngapi? Nyie si mmesoma?"

Zuwena aliziba mdomo kwa mtandio. Mahari ilikuwa thumni ishirini. Ukoo ulisimulia thamani, ukasahau vipande, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeuliza zilikuwa ngapi mkononi. Nikamuuliza bibi kwa nini thumni, kwa nini mumewe hakuleta shilingi nzima kumi au noti moja ya shilingi kumi. Akafumbua mkono, akaniwekea sarafu yangu kiganjani.

"Hilo mwanangu Seif hajawahi kuniuliza, na yeye ndiye wa kuuliza."

Zuwena alitaka amwite baba yake saa ile ile waeleweshane. Bibi akakataa. "Nikimwambia leo, mpaka kesho atakuwa na jibu lake. Acheni zije kwanza."

Basi tukaanza kusaka. Mezani nilikuwa na thumni chache za malkia. Nyingine ilibidi zitafutwe, na nitawapa siri ambayo watu wa sarafu hawapendi kuitoa: thumni hazikai kwenye maduka ya vitu vya kale. Zinakaa kwenye makopo ya vifungo. Fundi cherehani wa zamani hakutupa kitu cha duara. Tulipita kwa mafundi wa Temeke, Mtoni na Kinondoni, tukiomba kuchambua makopo yao juu ya meza ya kukatia, na Athumani kwa malipo akawa anawatengenezea madirisha yaliyokwama. Kwa vidole vilivyozoea skrubu ndogo, siku ya pili tu alikuwa akiitambua thumni chini ya vifungo kabla sijaiona. Akajifunza kuzisikiliza pia. Kwa fundi mmoja wa Kinondoni aliangusha moja sakafuni, akasikiliza, akasema, "Kitukuu," akairudisha kwenye kopo. Nilijua hapo kwamba ningeweza kumwachia meza.

Moja ilikuwa imelika mpaka simba amebaki kivuli. Athumani akataka kuiacha, mbele ya wakwe itaonekana ya aibu. Nikamwambia aichukue. Sarafu iliyolika imepita mikononi mwa watu. Iliyobaki mpya ilikaa kwenye kisanduku ikiogopa. Wateja wa nje watawaambia kinyume, na watawalipa kwa kinyume hicho, lakini si kila siku mnamtafutia mteja wa nje.

Tulipokaribia kumaliza, Mzee Likwena alitupa tatu mezani kwangu bila kunitazama. Nikaziangusha kwenye kigae. Zote zililia. Nikamuuliza amezitoa wapi.

"Kwa marehemu," akasema.

Kisha shangazi yake Athumani nusura atuharibie. Alhamisi nilimkuta ameziloweka zote kwenye bakuli la ndimu, ana majivu pembeni, anasema mahari haiendi ukweni na uchafu. Msisafishe sarafu, wadogo zangu. Ile rangi ya kijivu si uchafu, ni ngozi yake. Nilizitoa bakulini kabla ndimu haijafika mbali, nikazisuuza kwa maji na kuzikausha kwa kanga yangu, huku shangazi akiniuliza kama kwetu wanawake wanaolewa na kutu. Nikamwambia thumni haishiki kutu. Akasema basi aibu inashika.

Ijumaa nilikaa chumbani na wanawake, karibu na bibi. Wanaume walikuwa sebuleni, na kati yetu kulikuwa na pazia tu. Athumani aliweka sinia mbele ya sheikh, akaondoa kitambaa. Tulisikia mtu akiuliza kama hizo ni sarafu au vifungo. Sheikh akataja mahari: shilingi kumi za malkia zenye simba.

Mzee Seif akachukua moja. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia. Akavaa miwani, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma maandishi ya Kiingereza polepole, mtu asiyesaini kitu bila kukisoma.

"Sheikh, tusimame kwanza," akasema. "Hapa pameandikwa nusu shilingi. Sharti lilikuwa shilingi. Kijana ameleta vipande vya nusu, nasi tulikubaliana mahari ikija vinginevyo ndoa inasimama."

Athumani hakusema neno, na nilimheshimu kwa hilo, maana jibu alikuwa nalo. Zuwena alikuwa ameshika pindo la kanga ya bibi, amelikunja mpaka vidole vimebadilika rangi.

"Seif," bibi akaita.

Akaniomba mkono. Nikamwinua, nikamfikisha kwenye pazia, akalisogeza mwenyewe.

"Nipe hiyo."

Akampa. Bibi akaipapasa uso, akaipapasa mgongo.

"Ndiyo yenyewe. Baba yako aliniletea hizi hizi, ishirini, zimefungwa kwenye kitambaa. Baba yangu naye alitaka kuzirudisha, kama wewe leo."

"Mama, baba alikuwa na duka. Angeshindwaje shilingi kumi nzima?"

"Duka lilikuja baadaye. Mimi nilipoolewa alikuwa mchukuzi, Kariakoo. Gunia la nazi mgongoni, wanampa thumni. Hakuwahi kupewa shilingi nzima kwa mkupuo." Akamrudishia sarafu, akamfunga vidole juu yake. "Noti moja angeweza kuazima kwa mtu, mwanangu. Thumni ishirini angeazima kwa nani? Serikali ilitengeneza thumni. Shilingi aliitengeneza baba yako, magunia mawili kwa kila moja. Nami nilizijua kwa hilo, ndiyo maana nikasema ndiyo."

Mzee Seif alibaki amefumba mkono. Mtu huyu amebeba saruji ya nusu ya nyumba za Goba kwa malori, na kumbe hakujua mzigo wa kwanza wa ukoo wao ulibebwa na nini. Sheikh, ambaye sikumwona na haraka yoyote, alimsubiri. Hatimaye Mzee Seif akavua miwani.

"Mahari imetimia," akasema. "Endelea, sheikh."

Nimeuza sarafu ghali kuliko hizo, na baadhi ya wanunuzi wake sikumbuki hata nyuso. Wengine wenu mtatajirika kwa kazi hii, sioni ubaya. Lakini mkiletewa sarafu ya kweli na hadithi isiyokubaliana nayo, msikimbilie kutupa kimojawapo. Ulizeni tena, kwa adabu, na mkae chini mkiuliza. Mara nyingi vyote viwili ni kweli, ila hakuna aliyewahi kuviweka kwenye kitambaa kimoja.

Baada ya dua sinia lilipitishwa chumbani kwa Zuwena, na wanawake wakapiga vigelegele, shangazi yake Athumani akiwashinda wote. Nilihesabu kwa macho, tabia ya kazi, nikaona moja imepungua. Kisha Mzee Seif akasimama mlangoni, kofia mkononi, bado amefumbata.

"Mwanangu," akamwambia Zuwena, na sauti yake haikuwa ile ya sebuleni. "Zote ni zako. Lakini hii moja, naomba unipe mimi."

Zuwena akanyoosha kiganja mpaka baba yake akaiweka ile thumni humo.

"Sikupi, baba," akasema. "Ukitaka kuishika, uje kwangu Gongo la Mboto."

Mzee Seif akavaa kofia yake. Akamgeukia Athumani, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akamuuliza nyumba iko upande gani wa barabara.